Sura ya 6: Hifadhidata ya Kurithi

Ukitoka Webuye kuelekea Kitale, utapita maeneo ya Misikhu, Lugulu, Kamukuywa na Kiminini. Lugulu yenyewe ilikua kandokando ya misheni ya Kanisa la Marafiki, misheni iliyozaa hospitali na shule ya wasichana. Katika ukanda huu wote, hadi Bungoma mjini, si ajabu kukuta ofisi yenye kompyuta kuukuu ambayo hakuna anayethubutu kuiondoa mezani. Pengine ni ya karani wa karo katika shule ya bweni, au ya ofisa wa kumbukumbu za wagonjwa, au ya mweka hazina wa chama cha akiba na mikopo. Ndani yake mna faili moja la Microsoft Access lililotengenezwa miaka ya 1990 au mwanzoni mwa miaka ya 2000 na mtu mwenye bidii: mwalimu wa hisabati, kijana aliyekuja kwa mafunzo ya kazini, au mgeni aliyejitolea. Mtu huyo alipata uhamisho, akastaafu, au mkataba wake ukaisha. Faili likabaki. Karani akamwachia karani, na leo limefika mikononi mwako.

Kwa muda lilifanya kazi. Kisha likaanza kuganda wakati wa kuandika risiti. Likaanza kujifunga ghafla ukifungua ripoti ya mwisho wa mwezi. Asubuhi moja likakataa kufunguka kabisa, likasema halitambui muundo wa faili, na mkubwa wako amesimama mlangoni akitaka orodha ya wadaiwa.

Sura hii imeandikwa kwa ajili ya mrithi huyo. Inashikilia jambo moja tangu mwanzo hadi mwisho: mali iliyomo humo ni taarifa za watu, na programu ni chombo cha kuzibebea. Kila hatua utakayochukua ipimwe kwanza kwa swali hili: je, inalinda taarifa au inazihatarisha? Mtu akiwa na haraka ya kuiamsha programu anaweza kuzika kumbukumbu za miaka 20 kwa kubofya mara moja.

Yaliyotokea Mosoriot na Eldoret

Usidhani tatizo hili ni la ofisi ndogo zisizo na wataalamu. Mojawapo ya mifumo ya kumbukumbu za afya inayotumika sana duniani leo ilizaliwa kwa sababu ya faili la Access lililozidiwa, na ilizaliwa karibu na kwetu.

Mosoriot kilikuwa kituo cha afya katika nchi ya Wanandi, kwenye barabara ya kutoka Eldoret kwenda Kapsabet. Mwanzoni mwa mwaka 2001, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Moi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani waliweka hapo mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa wa nje. Waliujenga kwa Access. Kompyuta zilikuwa mbili tu zilizounganishwa, zikilindwa kwa betri dhidi ya kukatika kwa stima, huku nishati ya jua ikiwa akiba. Mgonjwa alisajiliwa mlangoni, akapewa fomu ya karatasi aliyoibeba kwa mganga, maabara na duka la dawa, kisha karani akaingiza yaliyoandikwa kwenye fomu hiyo mgonjwa alipokuwa anaondoka. Ulikuwa mpango wa busara. Haukumlazimisha mganga kujifunza kompyuta kabla ya kutibu, na ripoti za kila mwezi za Wizara ya Afya zikaanza kutoka kwenye mashine badala ya kuhesabiwa kwa vidole.

Mwaka huohuo mpango wa AMPATH ulianza kuwatibu watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI, Eldoret na Mosoriot. Kumbukumbu za wagonjwa hao zikajengwa juu ya kazi iliyofanyika Mosoriot, zikiwa bado ndani ya Access. Kisha dawa zikapatikana kwa wingi zaidi na kliniki zikaongezeka, zikiwamo za Webuye na Kitale. Wagonjwa walioanza kwa makumi wakawa maelfu, na kila mmoja alirudi tena na tena kwa miaka. Kila mara madaktari walipotaka kujua jambo jipya kuhusu mgonjwa, ilibidi mpangilio wa majedwali uguswe. Chombo kilichotosha kituo kimoja kikawa kinabebeshwa mzigo wa eneo zima.

Mwezi Februari 2004, madaktari wawili wa Taasisi ya Regenstrief ya Indianapolis, Burke Mamlin na Paul Biondich, walifika Eldoret kutazama hali ya mfumo huo. Wangeweza kuupiga viraka. Walihitimisha kwamba viraka havitatosha, wakaanza kubuni mfumo mwingine kuanzia kwenye msingi. Baadaye mwaka huo waliungana na Hamish Fraser wa shirika la Partners in Health, aliyekuwa akikabili mahitaji kama hayo kwingine. Mfumo walioujenga, OpenMRS, ulianza kutumika Eldoret mwezi Februari 2006. Sasa unatumika katika nchi zaidi ya 40, na KenyaEMR, unaotumiwa na vituo vingi vya afya vya serikali hapa Kenya, umejengwa juu yake.

Tazama tarehe hizo tena. Uamuzi ulifanywa mwaka 2004, mfumo mpya ukaanza kazi mwaka 2006. Katikati ya hapo wagonjwa hawakuacha kuja. Faili la zamani lililolemewa ndilo lililoendelea kuwahudumia, na ndilo lililokuwa na historia yao. Hii ndiyo hali halisi ya mrithi yeyote: hata kama unajua kwamba hifadhidata haina maisha marefu, bado unapaswa kuitunza iwe hai hadi siku ya kuhama. Kwa hiyo tujifunze kuitunza.

Kabla ya kugusa chochote

Hatua ya kwanza ni kuwaomba watu wote wafunge programu. Hakikisha hakuna aliyebaki ndani, hata yule wa stoo aliyeiacha wazi akaenda kunywa chai. Kisha nakili faili lote, kama lilivyo, pamoja na hitilafu zake, kwenye diski ya nje. Lipe jina lenye tarehe. Nakala hiyo usiifungue wala usiijaribie kitu. Tengeneza nakala ya pili, na hiyo ndiyo utakayoifanyia majaribio yote.

Watu hukosea hapa kwa sababu Access yenyewe hujitolea kusaidia. Faili likiharibika, inaweza kukuuliza kama ungependa ilikarabati. Ukikubali, huandika faili upya, na rekodi ambazo haikuweza kuzisoma inaweza kuziacha nje. Mara nyingi hasara ni ndogo. Lakini ikiwa zilizoachwa ni rekodi za wagonjwa 40 au hesabu za muhula mzima, na huna nakala ya kabla ya ukarabati, umepoteza nafasi ya kuzitoa kwa njia nyingine.

Hatua ya pili ni kuuliza watu. Karani aliyetumia hifadhidata kwa miaka minane anajua mambo ambayo hayamo kwenye faili. Keti naye na umwulize kwa heshima: Mama, ikikwama huwa unafanya nini? Ilianza lini? Inakwama ukifanya kazi gani? Wenzako wanapatwa nayo pia, au ni kompyuta hii tu? Kuna kitufe ambacho huwa hukigusi? Majibu ya maswali haya hufupisha siku nzima ya kuhangaika. Akisema kwamba tatizo lilianza wiki ile ofisi ilipoletewa kompyuta mpya, umekwisha kupata nusu ya jibu.

Hatua ya tatu ni kuandika. Chukua daftari. Andika saa ya kila tukio, jina la mtumiaji, kompyuta aliyotumia, alichokuwa akifanya, na maneno kamili ya ujumbe uliojitokeza kwenye skrini. Baada ya wiki mbili mpangilio utajitokeza wenyewe. Utaona kwamba hitilafu huja alasiri, wakati wa mvua ya radi ambayo Bungoma na Trans Nzoia tunaijua vizuri, stima inapokatika. Au utaona kwamba huja tarehe za mwisho wa mwezi, watu watano wanapoingia pamoja. Au utaona kwamba kila safari huja kwenye fomu ileile.

Kwa nini faili la Access huharibika

Ili utafute hitilafu kwa mpangilio, elewa jinsi chombo hiki kinavyofanya kazi. Hifadhidata za seva, kama MySQL inayobeba OpenMRS, zina programu moja inayolinda data. Kompyuta nyingine zote huipelekea maombi, nayo peke yake ndiyo hugusa faili. Ikiwa kompyuta ya karani itazimika katikati ya kazi, seva huifuta kazi ile iliyokatika na kuendelea.

Access haina mlinzi wa namna hiyo. Faili linapowekwa kwenye folda ya pamoja, kila kompyuta huenda kulisoma na kuliandika yenyewe kupitia mtandao. Ni daftari moja linaloandikwa na makarani watano kwa wakati mmoja, kila mmoja akiwa na kalamu yake. Mmoja akinyang'anywa daftari neno likiwa nusu, nusu hiyo hubaki kwenye ukurasa, na anayefuata hushindwa kuusoma.

Ndani ya faili, data hukaa katika kurasa ndogo za kilobaiti 4 katika matoleo ya kuanzia mwaka 2000. Ukurasa mmoja ukiandikwa nusu, unaweza kuharibu jedwali zima au ufunguo unaounganisha majedwali mawili. Maelezo marefu, kama historia ya mgonjwa, huhifadhiwa kwenye kurasa za pembeni, na rekodi hubeba kielekezi tu cha kuyafikia. Kielekezi kikipotea, utaona herufi za ajabu mahali pa maneno, au programu itajifunga kila unapoigusa rekodi hiyo.

Kutokana na haya tunaweza kutaja maadui wakubwa. Wa kwanza ni stima inayokatika bila betri ya kuipokea, na betri hiyo iwe kwenye kompyuta ya karani na vilevile kwenye swichi ya mtandao, kwa sababu swichi ikizimika kompyuta zote hukatwa kwa mpigo. Wa pili ni wifi. Mawasiliano yake hukatika kwa nukta chache bila mtu kugundua, na nukta hizo zinatosha kuharibu uandishi. Access ya pamoja inahitaji kebo. Wa tatu ni kuliweka faili kwenye folda za kusawazisha kwa intaneti kama OneDrive au Dropbox. Huduma hizo hunakili faili zima huku likiandikwa, na mwishowe hukuachia matoleo mawili yanayopingana. Wa nne ni mazoea ya kuzima kompyuta kwa kitufe kila inapoganda.

Kando na maadui hao kuna mipaka ya chombo chenyewe. Faili la Access haliwezi kuzidi gigabaiti 2, na katika toleo la mwaka 1997 mpaka ulikuwa gigabaiti 1. Rekodi zilizofutwa hazirudishi nafasi yao papo hapo, hivyo faili linaweza kunenepa hata kama idadi ya wagonjwa haijapanda. Jedwali moja haliruhusu zaidi ya safu 255. Aliyeanza kwa kuongeza safu mpya kwa kila swali jipya ataugonga ukuta huo siku moja. Ndiyo maana waliobuni OpenMRS walichagua kuandika kila jibu kama mstari wake, likiambatanishwa na kamusi ya dhana, ili swali jipya la daktari lisihitaji kubomoa jedwali.

Kutafuta hitilafu kwa mpangilio

Sasa ichukue ile nakala ya pili, uiweke kwenye diski ya kompyuta moja, mbali na mtandao, kisha uifungue. Jaribio hili rahisi linagawa tatizo mara mbili. Ikiwa inafanya kazi vizuri hapo, mshuku mtandao, stima au folda ya pamoja. Ikiwa inajifunga hata hapo, hitilafu imo ndani ya faili au kwenye kompyuta.

Jaribu nakala hiyohiyo kwenye kompyuta nyingine. Ikiwa inafunguka kwenye moja na kugoma kwenye nyingine, tazama tofauti za matoleo. Access ya mwaka 2013 na zinazofuata hazifungui tena faili za muundo wa mwaka 1997. Itabidi utafute mashine yenye toleo la 2010 au la nyuma yake ili ulibadilishe kwanza. Tangu Office ya 2019, Microsoft huweka toleo la biti 64 isipokuwa umechagua vingine, na msimbo ulioandikwa kwa biti 32 unaoita huduma za Windows hugoma au kuangusha programu hadi urekebishwe. Hii ndiyo sababu ya kawaida ya kilio cha "kompyuta mpya imeharibu mfumo". Kompyuta haikuharibu kitu; msimbo uliandikiwa zama nyingine.

Fungua dirisha la msimbo na utazame orodha ya marejeo, yaani maktaba za nje ambazo programu inazitegemea. Likiwapo lenye alama ya MISSING, umepata mshukiwa mkubwa. Mara nyingi ni kalenda ya kuchagua tarehe au kiungo cha barua pepe ambacho mtengenezaji alikuwa nacho kwenye mashine yake, na kompyuta yako haina. Rejeo moja lililopotea huweza kuvuruga hata kazi zisizohusiana nalo, kama kusoma tarehe ya leo.

Ikiwa programu hujifunga kwenye ripoti peke yake, tazama printa. Access hupanga ripoti kwa kufuata printa iliyowekwa kuwa ya kawaida. Printa ikiwa imeondolewa, au programu yake ikiwa mbovu, ripoti inaweza kuangusha kila kitu. Weka printa nyingine kuwa ya kawaida, hata ile ya kutengeneza PDF, kisha ujaribu tena.

Tazama pia folda lilimo faili. Mtu anapofungua hifadhidata, Access huunda kando yake faili dogo la kufuli, lenye mwisho wa .ldb kwa mafaili ya zamani au .laccdb kwa mapya. Mtu wa mwisho akitoka vizuri, faili hilo hufutika lenyewe. Ukilikuta jioni, ofisi ikiwa tupu, kuna aliyetoka vibaya au kompyuta iliyoachwa wazi. Watumiaji wote wanahitaji ruhusa ya kuandika na kufuta katika folda hiyo. Bila ruhusa hiyo, wa kwanza kuingia huwafungia wenzake nje.

Baada ya hayo, endesha amri ya ukarabati ya Access, Compact and Repair, kwenye nakala ya majaribio. Amri hii hulipunguza faili unene na hujenga funguo upya. Ikimaliza, tafuta kama kuna jedwali jipya linaloitwa MSysCompactErrors. Humo huandikwa mambo iliyoshindwa kuyaokoa. Halafu hesabu. Linganisha idadi ya rekodi kabla na baada, jedwali kwa jedwali. Zikipungua, tafuta zilizopotea kabla ya kuendelea.

Ukarabati usipotosha, tengeneza faili jipya tupu na uyaingize yaliyomo kwa zamu: majedwali kwanza, kisha maswali yaliyohifadhiwa, kisha fomu, ripoti, na mwisho moduli za msimbo. Kitu kitakachokataa kuhama ndicho kibovu. Ikiwa ni fomu, itengeneze upya. Utapoteza siku moja ya kazi, lakini taarifa zimebaki salama. Ikiwa ni jedwali, nakili rekodi kwa mafungu. Chukua za kwanza 1,000, kisha 1,000 zinazofuata, hadi ufike fungu litakalogoma. Ligawe fungu hilo tena na tena mpaka uifikie rekodi yenyewe. Okoa zote zilizo mbele na nyuma yake, kisha uiandike hiyo moja kwa mkono kutoka kwenye karatasi. Ndiyo sababu ninawasihi watu wasitupe karatasi mapema.

Likibaki tatizo la msimbo peke yake, jua kwamba Access huhifadhi msimbo kwa namna mbili: maandishi unayoyasoma na tafsiri ambayo mashine huitekeleza. Namna hizo mbili zikipishana, programu huanguka mahali ambapo maandishi yanaonekana hayana kosa. Kuifungua kwa amri ya /decompile hutupa tafsiri ya zamani ili itengenezwe upya. Fanya hivyo kwenye nakala tu.

Kugawa faili ili lipumue

Mafaili mengi ya kurithi yana majedwali na fomu ndani ya faili moja, na ofisi nzima hulifungua hilohilo kutoka folda ya pamoja. Ukibadilisha jambo moja katika maisha ya hifadhidata hii, badilisha hilo. Igawe sehemu mbili. Majedwali yakae peke yake kwenye kompyuta inayolindwa kwa betri. Fomu, ripoti na msimbo viwe kwenye faili lingine, na kila karani apewe nakala yake kwenye diski ya kompyuta yake, ikiunganishwa na majedwali kupitia kebo.

Faida yake huonekana haraka. Fomu ya karani mmoja ikiharibika, unamletea nakala safi kwa dakika mbili na wengine hawasimami. Yanayosafiri kwenye mtandao hupungua. Na ukitaka kuhama baadaye, majedwali yamekwisha kutengwa tayari.

Hapo panda ngazi inayofuata ukiweza: majedwali yahamie kwenye MySQL, PostgreSQL au SQL Server Express, ambazo hupatikana bila malipo, huku fomu za Access zikibaki zilivyo na kuunganishwa na seva hiyo. Karani ataendelea kuona skrini aliyoizoea, na nyuma yake pana mlinzi wa kweli wa data.

Lini uache kukarabati

Kuna dalili ambazo hazidanganyi. Faili limekaribia gigabaiti 2 hata baada ya kubanwa. Majedwali yameishiwa safu. Kuharibika kumekuwa kwa kila wiki ilhali betri na kebo zipo. Hifadhidata inahitaji kutumika Lugulu na Kitale kwa pamoja, jambo ambalo Access ya folda haikukusudiwa kulifanya. Au data inayoingia inagusa uhai wa watu, na kupotea kwa siku moja hakuwezi kuvumilika. Ukiona mawili kati ya haya, anza kupanga kuhama.

Kuhama kufanywe kama ilivyofanyika Eldoret, ya zamani ikiendelea kufanya kazi huku mpya ikijengwa. Kituo cha afya kisianze kwa kutafuta mtu wa kukiandikia programu. Kiulize kwanza ofisi ya afya ya kaunti kuhusu mifumo iliyokwisha kukubaliwa, kama KenyaEMR. Shule na vyama navyo vitazame kwanza kilichopo sokoni. Siku ya kuhamisha data, linganisha kwa hesabu: idadi ya watu, jumla ya fedha, tarehe ya kwanza na ya mwisho, na majina machache yaliyochaguliwa bila mpangilio na kutazamwa moja baada ya jingine. Hifadhi faili la zamani likiwa la kusomwa tu. Atakuja mtu kuuliza habari za mwaka 2009, na ni haki yake kujibiwa.

Sheria na makabidhiano

Kumbuka pia kwamba unachokirithi kinalindwa na sheria. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inahesabu habari za afya ya mtu kuwa data nyeti. Data ikiangukia mikono isiyostahili na kuhatarisha wenyewe, taasisi inatakiwa kumwarifu Kamishna wa Data ndani ya saa 72. Kwa hiyo usimpe fundi wa mtaani faili lenye majina ya wagonjwa aende nalo nyumbani kwenye flashi. Akija, afanye kazi hapo ofisini mkiwa pamoja. Ukihitaji ushauri wa mtu wa mbali, mtumie nakala iliyoondolewa majina na nambari za simu.

Nakala za akiba ziwe za kila siku, na angalau moja kwa wiki itoke nje ya jengo. Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa isitegemewe. Kila mwezi ichukue moja, uirejeshe kwenye kompyuta nyingine, uhakikishe inafunguka na rekodi za jana zimo.

Mwisho, andika ambacho hukuandikiwa. Kurasa tatu zinatosha: faili liko wapi, nani anaijua nywila, kila jedwali lina nini, ripoti gani hutolewa siku gani, matatizo gani yametokea na yalitatuliwaje, nakala za akiba ziko wapi. Chapisha kurasa hizo, mkubwa wako azitie sahihi, na ziwekwe kwenye faili la ofisi. Siku yako ya uhamisho pia itafika. Ofisa yeyote anayesimamia makarani wa kumbukumbu, Lugulu au kwingineko, aweke kanuni hii: asiondoke mtu kabla hajakabidhi hati hiyo, na asipokee mtu kabla hajaisoma.